Nani Alipanda Basi?

Asubuhi moja nilikuwa nangoja matatu kituoni Longonot, pale barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Naivasha inapopita chini ya mlima. Kando yangu kijana wa bodaboda alikuwa anafuta kiti cha pikipiki yake. Vumbi la huku ni jepesi na la kijivu, majivu ya volkano ya kale, na ukilifuta linarudi kabla hujakunja kitambaa. Basi la shamba la maua likapita limejaa wafanyakazi. Kijana akalitazama mpaka likapotea, akasema: "Hawa wote wamekuja. Mtu anashuka hapa na begi moja, baada ya miaka mitano ana ploti. Sisi wenyeji bado tunafuata ng'ombe." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, shida yetu ni nini?"

Nilimjibu jambo fulani la harakaharaka kuhusu shule, matatu ikaja, nikapanda. Kabla ya kufika Naivasha nilikuwa nimeshajua kwamba sikumjibu. Kazi yangu ni kufundisha takwimu, na swali lile ni la takwimu kabisa. Nalijibu hapa polepole, kuanzia chini, kama ningelijibu siku ile kama matatu ingechelewa.

Swali lake limefunga mambo mawili katika mzigo mmoja. La kwanza linasema kuna tofauti: waliokuja wamepata kuliko waliokuwapo. La pili linasema chanzo cha tofauti hiyo kimo ndani ya watu wenyewe, ndiyo maana akauliza "shida yetu". La kwanza hupimwa. La pili haliwezi hata kuguswa kabla la kwanza halijapimwa sawasawa. Watu wengi hulirukia la pili, na katika Bonde la Ufa kuruka huko kumegharimu damu. Mwishoni mwa Januari 2008 watu waliuawa mjini Naivasha, wengine wakichomwa ndani ya nyumba, kwa sababu ya kabila lao tu. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ililitia neno "madoadoa" katika orodha ya maneno ya chuki, kwa kuwa lilikuwa likitumiwa kuwaita wale walioonekana wageni katika ardhi ya wengine. Ninayataja haya mapema ili msomaji ajue kwamba hesabu zitakazofuata si mchezo wa darasani.

Tuanze na shamba. Mkulima akitaka kujua kama mbegu mpya ya mahindi inaishinda ya zamani, hapandi moja Kinangop na nyingine Longonot. Kinangop kuna mvua na baridi. Longonot kuna jua na udongo usioshika maji. Mavuno yakitofautiana, atakuwa amepima mvua akidhani amepima mbegu. Mkulima mwenye akili hupanda mbegu zote mbili katika shamba moja, siku moja, kwa mbolea ileile. Anageuza kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote vilivyo. Huo ndio msingi wote wa kulinganisha, na kila kitu nitakachosema baada ya hapa ni tawi lake.

Binadamu hatuwezi kuwapanda mistari. Kwa hiyo kila tunaposikia kwamba jamii fulani imeishinda nyingine, kazi yetu ni kuuliza: ni nini kingine kilichogeuka pamoja na jina la jamii?

Kwanza, wenyeji ni akina nani. Jina Longonot limetoka katika Kimaasai, Oloonong'ot, mlima wenye migongo mingi, na mtu akiupanda hadi ukingoni mwa shimo lake, karibu mita 2,776 juu ya usawa wa bahari kwenye kilele, ataiona hiyo migongo ikishuka pande zote. Jina la mlima ni ushahidi wa nani alikuwa hapa. Lakini mwaka 1904, chini ya mkataba uliotiwa saini na kiongozi wao Olonana na wazee wengine, Wamaasai waliondolewa katika sehemu hii ya bonde ili wakae mbali na reli na mbali na ardhi waliyokuwa wakitengewa walowezi wa Kizungu. Wengine walipelekwa Laikipia, wengine kusini. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, na wale wa Laikipia wakahamishwa tena kwenda kusini. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa.

Basi yule kijana anaposema "sisi wenyeji", anasema kweli, lakini katika daftari la takwimu familia yake huenda ilihamishwa mara mbili ndani ya miaka kumi kisha ikarudi kidogokidogo kama wachungaji na vibarua katika ardhi iliyokwisha kupewa wengine. Na yule aliyemwita mgeni huenda amezaliwa Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa maua hapa Naivasha, akasoma Karagita, na hajui kwingine. Kilimo cha maua kando ya Ziwa Naivasha kilianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Kuna watoto wa wachuma maua walio na wajukuu sasa. Daftari linalogawa watu katika safu mbili, wenyeji na wahamiaji, limeshafanya uamuzi mkubwa kabla ya namba ya kwanza kuandikwa.

Tuseme hata hivyo tumekubaliana juu ya safu. Sasa tunafika penye kiini, na hapa nitakaa.

Uhamiaji ni chekeche. Chukua kijiji chochote cha Vihiga, Kisii au Siaya, na jiulize ni nani huondoka kwenda kutafuta kazi ya maua. Si mzee wa miaka 70. Si mgonjwa. Si yule mwenye shamba la kutosha, wala yule asiye na nauli kabisa. Si mama mwenye mtoto mchanga asiye na wa kumwachia. Anayeondoka ni mtu wa miaka 20 hivi, mwenye afya, aliyesoma kiasi, mwenye binamu au rafiki aliyetangulia wa kumlaza wiki ya kwanza, na mwenye ujasiri wa kulala kwenye sakafu ya mtu. Chekeche limeshampitisha kabla hajafika Longonot. Ukimlinganisha na kijiji kizima cha Wamaasai, chenye vikongwe, watoto, wagonjwa na waliokata tamaa, hujalinganisha kabila na kabila. Umelinganisha unga uliochekechwa na unga pamoja na pumba zake, kisha ukashangaa kwamba mmoja ni laini.

Na chekeche hili lina tundu la pili ambalo wachache hulitazama. Wanaoshindwa hurudi. Kijana aliyefutwa kazi, mama aliyeumwa mgongo asiweze tena kusimama zamu nzima kwenye meza ya kupanga maua kwa urefu, mzee aliyeanza kukohoa, wote hawa hupanda basi la kurudi nyumbani, mara nyingi usiku, na yule kijana wa bodaboda hawaoni. Anawaona wanaoshuka na anawaona waliobaki. Waliobaki ndio wenye ploti. Kwa hiyo "mhamiaji" anayemjua ni mtu aliyechekechwa mara mbili, wakati wa kuja na wakati wa kutorudi.

Kuna mfano mmoja ambao takwimu zake zimehifadhiwa vizuri ajabu, nao ulipita hapa hapa bondeni. Kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, Waingereza walileta vibarua 31,983 kutoka India kati ya mwaka 1896 na mwanzo wa karne iliyofuata. Mwisho wa kazi hesabu ilikuwa hivi: 16,312 walirudishwa kwao mikataba ilipokwisha, 6,454 walirudishwa wakiwa wagonjwa au wamelemaa, 2,493 walikufa, na 6,724 walibaki Afrika Mashariki. Zijumlishe namba hizo nne utapata ileile ya kwanza.

Tazama kilichotokea. Kati ya kila watu watano, aliyebaki ni mmoja na sehemu ndogo. Mtu anayekuja miaka 20 baadaye na kusema "Wahindi wa reli walikuwa watu wenye nguvu na bahati" amewatazama wale 6,724, na wala hajui kwamba maelfu waliougua au kulemaa walirudishwa India, nje ya hesabu yake. Tena wafanyabiashara wengi wa Kihindi waliokuja kufungua maduka katika miji ya bonde hawakutoka katika vibarua hao kabisa. Walikuja baadaye au kando, wengi kutoka Gujarat, kwa nauli yao wenyewe, wakiwa na jamaa waliotangulia na mkopo wa bidhaa kutoka kwa jamaa hao. Ni chekeche jingine, lenye matundu mengine. Mazungumzo ya mitaani huwachanganya wote katika neno moja na kusema ni damu ya biashara.

Jambo la makaburi ndilo linalonigusa zaidi. Nenda kwenye makaburi yoyote ya umma hapa Naivasha ukahesabu majina. Utakuta wachache sana kutoka magharibi mwa nchi kuliko idadi yao katika mitaa ya wafanyakazi. Je, hawafi? Wanakufa. Lakini jamaa huchangishana, gari hukodiwa, na mwili husafirishwa kwenda kuzikwa nyumbani. Hata kabla ya kufa, mgonjwa sana hupelekwa ushago akauguzwe na mama yake. Mtafiti asiyejua desturi hiyo anaweza kutazama vifo vilivyoandikwa Naivasha, akagawanya kwa idadi ya watu, na kuandika kwa uaminifu wote kwamba wahamiaji wana afya kuliko wenyeji. Huko Amerika na Ulaya wanasayansi wameliona jambo hilohilo kwa wahamiaji wengine na wamelibishania kwa miaka mingi. Sisi tungeweza kuwaeleza kwa kuwaonyesha tu magari yenye jeneza juu yakipita Gilgil na Nakuru siku ya Ijumaa jioni.

Baada ya chekeche, umri. Hapa nitatumia namba za kubuni ili hesabu ionekane. Si za kijiji chochote. Tuseme kuna wenyeji 100, na kati yao 30 ni wa umri wa kufanya kazi, waliobaki ni watoto na wazee. Kila mfanyakazi wao hupata shilingi 20,000 kwa mwezi. Tuseme kuna wahamiaji 100, na kati yao 70 wanafanya kazi kwa sababu wengi wameacha watoto na wazazi kwao. Kila mmoja hupata shilingi 15,000. Jumla ya wenyeji ni 600,000, gawanya kwa 100: kila kichwa 6,000. Jumla ya wahamiaji ni 1,050,000, gawanya kwa 100: kila kichwa 10,500. Wahamiaji wanaonekana matajiri karibu mara mbili, ilhali kila mfanyakazi mwenyeji anapata zaidi ya mfanyakazi mhamiaji. Hakuna aliyedanganya. Kilichofanya ujanja ni watoto wanaolelewa na nyanya zao huko Kakamega bila kuhesabiwa hapa.

Wanafunzi wangu huikataa hesabu hii mara ya kwanza. Huirudia kwenye karatasi, huitazama tena, na hapo ndipo somo huanza kuingia.

Wastani wenyewe una hila nyingine. Mwenye shamba la maua aliyezaliwa ng'ambo naye ni mhamiaji. Mtie katika safu pamoja na wachumaji 99 wanaopata 15,000 kila mmoja, tuseme yeye ana mapato ya milioni 5 kwa mwezi, na wastani wa kundi zima unapanda hadi 64,850. Hakuna hata mmoja wao anayepata kiasi hicho. Wapange kwa mstari kuanzia wa chini hadi wa juu na umuulize yule aliyesimama katikati: atakuambia 15,000. Ndiyo maana kila ninaposikia "jamii ile hupata kiasi fulani", nauliza kwanza kama ni cha wastani au cha mtu wa katikati.

Sasa niseme juu ya kipimo. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia katika zoezi la kuhoji kaya, na niliketi chini ya mti na mama mmoja wa Kimaasai karibu na mpaka wa ranchi ya Kedong. Fomu iliuliza: kazi yako ni nini? Majibu yaliyoruhusiwa yalikuwa ajira ya mshahara, biashara, kilimo, au hafanyi kazi. Alikuwa ameamka saa kumi na nusu kukamua. Alikuwa amewapa watoto maziwa, amemwekea mumewe chai, amelisafisha boma, ameshona ushanga wa kuuzia watalii, na wakati tunazungumza mikono yake ilikuwa bado inapitisha uzi kwenye shanga bila yeye kuitazama. Kijana aliyeshika fomu alisita, kisha akaweka alama penye "hafanyi kazi". Sikusema kitu. Nimeibeba alama ile hadi leo, kwa sababu ilikwenda ikawa namba, na namba ikajumlishwa na nyingine, na mwisho wa safari kulikuwa na ripoti iliyosema kwamba wanawake wa eneo lile wengi hawana shughuli ya kiuchumi.

Mshahara unahesabika kwa urahisi kwa kuwa umeandikwa. Maziwa yaliyonywewa hayajaandikwa popote. Ng'ombe 40 walioko malishoni ni akiba, benki na bima kwa wakati mmoja, lakini fomu inaona paa la nyasi na ukuta wa udongo inaandika umaskini. Kwa upande wa pili, mfanyakazi wa maua anayekaa katika chumba kimoja cha mabati Karagita, akilipa kodi, maji ya jerikeni na umeme, anaonekana naye fukara, ilhali amejenga nyumba ya matofali kijijini kwao na kumsomesha mdogo wake. Utajiri wake uko kilomita 300 kutoka mahali tunapompima. Kipimo kimewakosea wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, na makosa mawili hayafutani.

Siku ya kupima nayo ina neno. Wapime wafugaji baada ya mvua nzuri, utakuta neema. Wapime mwishoni mwa ukame mkali kama ule wa 2009, utakuta mifupa kando ya barabara. Wapime watu wa maua wiki chache kabla ya Februari 14, wakati Ulaya inataka waridi na kuna malipo ya saa za ziada, kisha uwapime Aprili 2020, soko lilipoporomoka kwa sababu ya korona na maelfu wakaambiwa wakae nyumbani. Ni watu walewale.

Kuna sehemu moja hapa chini ya mlima ambako vipimo viwili vilitoa majibu yanayopingana, nayo inafaa kutajwa. Ili kujenga mtambo wa mvuke wa Olkaria IV, uliozinduliwa mwaka 2014 ukiwa na megawati 140, familia za Kimaasai kutoka vijiji vinne zilihamishiwa eneo la ekari 1,700 linaloitwa RAPland. Walipewa nyumba za kudumu, shule na zahanati. Ukipima kwa kuta na paa, maisha yalipanda. Lakini ardhi ilikuwa na makorongo na miteremko, ilikuwa mbali na watalii waliokuwa wakinunua ushanga wao, na nauli ya kufika mjini ikawa mzigo. Ukipima kwa fedha ya mfukoni na malisho, wengi walisema yameshuka, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ambako upatanishi ulifanyika. Mtu akiniuliza kama kuhama kuliwafaa, lazima nimuulize kwanza anatumia kipimo gani. Na hao nao, kumbuka, ni Wamaasai: wenyeji waliogeuzwa wahamiaji ndani ya eneo lao.

Hilo linanipeleka kwa tofauti ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote, kati ya anayehama na anayehamishwa. Shuka kutoka Longonot hadi Mai Mahiu. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, watu waliofukuzwa kutoka upande wa Eldoret na kwingineko walichanga fedha kidogo walizopewa, wakanunua vipande vya ardhi kavu, wakahamia katika mahema. Makazi yao mojawapo yaliitwa Vumilia Eldoret. Hawa pia ni wahamiaji. Lakini hakuna chekeche la tamaa wala la umri lililowapitisha. Waliondoka wote: kikongwe, mtoto, mgonjwa, mwenye duka lililoteketea. Mwenye duka aliwasili bila duka. Kama uhamiaji wenyewe ungekuwa ndio unaowafanya watu kuwa wachapakazi na wenye mali, Vumilia Eldoret na Karagita zingefanana. Hazikufanana. Katika mtaa mmoja walichaguliwa, katika mwingine walifukuzwa, na wote walitumia barabara ileile.

Turudi sasa kwenye shamba la mahindi. Nilisema mkulima hugeuza kitu kimoja na kuacha vingine. Kwa binadamu, mara chache sana, historia hufanya hivyo kwa ukatili wake yenyewe: huwachukua watu walewale na kuwageuzia udongo. Afrika Mashariki ilishuhudia jambo hilo, na waliohusika walikuwa Wapolandi.

Kuanzia mwaka 1940 Umoja wa Kisovieti uliwatoa Wapolandi kwa mamia ya maelfu katika mashariki mwa nchi yao ukawapeleka Siberia na Kazakhstan kukata miti na kulima chini ya ulinzi. Mwaka 1942 sehemu yao waliruhusiwa kutoka pamoja na jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders, wakapita Iran, na maelfu ya wanawake, watoto na wazee wakaletwa kwa meli katika makoloni ya Waingereza. Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea takriban 5,000. Kulikuwa na kambi Masindi na Koja huko Uganda, na Makindu hapa Kenya. Walijengewa vibanda vya udongo vya mviringo, wakalima bustani, wakafungua shule na karakana. Kanisa walilojenga Nyabyeya karibu na Masindi bado limesimama, na makaburi yao yapo Tengeru. Vita vilipokwisha, wengi hawakutaka kurudi katika Poland iliyokuwa chini ya mkono wa Stalin, na wakapelekwa Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko.

Fikiria mwanamke mmoja tu kati yao, aliyezaliwa mwaka 1920. Mpime Kazakhstan mwaka 1941: ana njaa, hana mali, amefiwa. Mpime Tengeru mwaka 1945: anakula, anashona, lakini ni mtu wa kambi anayeishi kwa posho, na afisa wa kikoloni angeandika kwamba jamii yake inategemea misaada. Mpime Uingereza mwaka 1960: ana kazi kiwandani, ana nyumba, watoto wake wako sekondari. Damu ni ileile, lugha ni ileile, sala ni zilezile. Kilichogeuka ni sheria iliyomzunguka: kama anaruhusiwa kuondoka, kama anaruhusiwa kuajiriwa, kama watoto wake wanahesabiwa kuwa watoto wa nchi. Bunge la Uingereza lilitunga sheria maalumu mwaka 1947 kwa ajili ya kuwapa Wapolandi makazi, mafunzo na kazi. Wamaasai wa 1904 walitungiwa mkataba wa kuwatoa kwenye malisho. Ukitaka kulinganisha mafanikio ya jamii hizi mbili bila kuzitaja karatasi hizo mbili, unalinganisha Kinangop na Longonot halafu unaisifu mbegu.

Sidai kwamba tabia na malezi si kitu. Binamu anayekulaza sakafuni wiki ya kwanza ni mali. Chama cha akina mama wanaochanga kila Jumapili ni mali. Desturi ya kugawana ng'ombe na ndugu aliyepoteza mifugo kwa ukame ni mali pia, na imewaokoa wengi. Ninachosema ni kwamba vitu hivi hupimwa mwisho, baada ya kuondoa chekeche, umri, wastani, kipimo, siku na sheria. Mara nyingi ukimaliza kuondoa, tofauti iliyobaki ni ndogo kiasi cha kutoshea kwenye kiganja.

Kuna njia moja ya kupima ninayoiamini kuliko nyingine, na haihitaji kompyuta. Badala ya kumlinganisha mhamiaji na mwenyeji, mlinganishe na ndugu yake aliyebaki. Wana wazazi walewale, shamba moja, shule moja, njaa moja. Hapo umekaribia mistari miwili katika shamba moja. Haikamiliki, kwa sababu hata ndani ya familia kuna aliyechaguliwa aende, lakini inakaribia. Na yule kijana wa bodaboda angeweza kuifanya mwenyewe: awatafute vijana wa boma lao waliokwenda kufanya kazi ya ulinzi Nairobi, awalinganishe na kaka zao waliobaki na ng'ombe. Ataona Wamaasai wakiwa "watu waliokuja na begi moja" katika macho ya mtu mwingine.

Nilijaribu kuuliza hivyo mwaka uliopita, katika chumba kimoja Karagita. Mama wa chumba alikuwa ametoka zamu ya asubuhi pakihausi. Gumbuti zilikuwa mlangoni, na vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo ya miiba, myembamba kama mistari ya daftari. Sikumuuliza mshahara. Nilimuuliza walizaliwa wangapi kwao na kila mmoja yuko wapi.

Akaweka kikombe chini, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Tulizaliwa saba, mwalimu. Watatu tulipanda basi kuja huku. Mmoja alirudi, kifua. Yule kaka alikufa, tukamzika nyumbani." Akatulia, akarudia kidole cha tatu. "Mimi ndiye nimebaki. Wale wanne hawakuondoka. Mmoja ana ng'ombe wa maziwa wawili na hana deni la mtu. Huwa ananitumia mahindi."

Niliandika yote saba.